Mchele wa Kyela tunaujua, kakao yake je?

*Kampeni ya kudai haki katika biashara ya chokoleti imeendeshwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 30. Lakini kanuni zinazomgusa mkulima wa kakao wa Tanzania zinaandikwa Dodoma, mji usiokuwa na mkakao hata mmoja.*

Katika duka moja la vyakula jirani na Soko la Majengo, jijini Dodoma, mchele umepangwa mlangoni, magunia yakiwa wazi na kila gunia na kibao chake. Mteja anayefika hapo haulizi mchele ni bei gani. Anauliza, Kyela bei gani? Jina la wilaya limekuwa jina la bidhaa, na muuzaji akithubutu kuchanganya, mama wa nyumbani humgundua kwa harufu tu kabla hajafungua pochi.

Hatua sita ndani, kwenye rafu iliyo nyuma ya kaunta, kuna chokoleti. Niliomba nizigeuze moja moja nisome mgongoni. Moja imetengenezwa Kenya, nyingine Uturuki, nyingine Falme za Kiarabu. Moja ilikuwa imepauka usoni kama iliyonyunyiziwa majivu. Haikuwa imeharibika: mafuta ya kakao huyeyuka yakikaribia nyuzijoto 34, na mchana wa Oktoba hapa mjini, ndani ya duka la bati, hauko mbali na hapo. Yanayeyuka mchana, yanaganda usiku, na kila yanapoganda upya yanajitokeza juu kama ukungu.

Hakuna hata moja iliyoeleza kakao yake imetoka wapi. Na pande la gramu 100 lilikuwa ghali kuliko kilo nzima ya mchele wa Kyela pale mlangoni.

Kyela hiyohiyo, kule chini ya milima ya Rungwe ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Dodoma tunakula mchele wake kwa jina. Kakao yake inapita mbali nasi ikiwa ndani ya magunia, inavuka bahari, na ikirudi huku inakuwa haina kabila wala kwao.

Mti uko Kyela, kalamu iko Dodoma

Msomaji ana haki ya kuuliza kakao inahusu nini makao makuu. Mkakao unataka mvua ya milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka, kivuli cha migomba na joto lenye unyevu. Dodoma hupata milimita kati ya 500 na 600 mwaka ukiwa mzuri, karibu zote zikimwagwa kati ya Desemba na Aprili. Hapa ni nchi ya uwele, mtama, karanga, alizeti na zabibu. Kakao ni zao la Kyela na Rungwe, bonde la Kilombero na Turiani mkoani Morogoro, na Muheza mkoani Tanga.

Lakini Wizara ya Kilimo iko Mtumba, hapa hapa Dodoma. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, inayosimamia vyama vya msingi ambavyo mkulima wa kakao anatakiwa kuuzia, iko Dodoma. Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala iko Dodoma. Bunge liko Dodoma. Kakao haina bodi yake yenyewe kama kahawa, korosho, pamba au chai, kwa hiyo karibu kila linaloamuliwa juu yake hupitia kwenye ofisi hizi ambazo mtu wa Kyela huzifikia kwa safari ya mchana kutwa: Tukuyu, Mbeya, Makambako, Iringa, Mtera, ndipo aone taa za Dodoma.

Kwa miaka mingi neno biashara ya haki limesikika kama jambo la Wazungu wema kwenye maduka yao. Nimefuatilia suala hili nikaona kwamba kipande kikubwa cha haki hiyo hakiko kwenye karatasi ya chokoleti ya London. Kiko kwenye mizani ya kijijini, kwenye tarehe ya malipo, na kwenye kanuni inayosema nani aruhusiwe kununua.

> Mti uko Kyela, kalamu iko Dodoma.

Nembo ilikotoka

Nembo ya kwanza ya biashara ya haki ilizaliwa Uholanzi mwaka 1988. Iliitwa Max Havelaar, jina la riwaya ya mwaka 1860 iliyofichua dhuluma za Waholanzi kwa wakulima wa kahawa wa Java, na ilianza kwa kahawa ya Mexico. Tanzania haikuchelewa kuifikia: Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, ni miongoni mwa vyama vya Afrika vilivyouza kahawa kwa mpango huo tangu siku za mwanzo, na fedha za ziada zilizopatikana zilisaidia kununua hisa katika kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA, Bukoba. Tukumbuke jambo hilo, maana ndiko tutakakorudi.

Chokoleti iliingia mwaka 1994, Uingereza, kwa kakao ya Belize. Mwaka 1998 ikaja Divine, kampuni ambayo wakulima wa Ghana wa ushirika wa Kuapa Kokoo walikuwa na hisa ndani yake. Mkulima akawa mwenye mali, siyo muuza malighafi tu. Mwaka 2009 Cadbury waliweka nembo ya biashara ya haki, Fairtrade, kwenye chokoleti yao kuu ya maziwa nchini Uingereza, na mwaka uliofuata KitKat wakafuata huko huko.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2016 wenye Cadbury walitangaza kuhamia kwenye mpango wao wenyewe. Mwaka 2020 Nestlé wakaiondoa nembo ya Fairtrade kwenye KitKat za Uingereza. Mwaka huohuo kampuni ya Ujerumani ikachukua sehemu kubwa ya Divine, na hisa za Kuapa Kokoo zikapungua. Kampuni zinasema mipango yao zenyewe inawafikia wakulima wengi zaidi. Wanaharakati wanajibu kwamba mwenye duka hawezi kuwa yeye huyohuyo mkaguzi wa mizani yake. Mimi nasimama na wanaharakati katika hili.

Yaliyowasukuma wanaharakati hao barabarani yalikuwa makubwa. Ivory Coast na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, na mwaka 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini makubaliano, yaliyopewa majina ya wabunge wawili wa Marekani, Harkin na Engel, ya kukomesha ajira mbaya kabisa za watoto ifikapo 2005. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Chicago, kupitia kituo chake cha NORC, kilitoa matokeo kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa bado wanafanya kazi zisizofaa katika mashamba ya kakao ya nchi hizo mbili. Mwandishi wa habari wa Uholanzi, Teun van de Keuken, alikwisha kujipeleka mwenyewe kwenye vyombo vya sheria akitaka ashtakiwe kwa kula chokoleti huku akijua ilivyopatikana. Hawakumshtaki. Mwaka 2005 akaanzisha chokoleti yake, Tony's Chocolonely.

Watoto hao hawakuletwa shambani na ukatili wa wazazi. Waliletwa na bei. Mkulima asiyeweza kumlipa kibarua humtumia mwanawe.

Hesabu ya senti 24

Tuikokotoe nembo hiyo kwa kilo, kama mkulima anavyokokotoa.

Tangu Oktoba 2019, bei ya chini ya Fairtrade kwa kakao ya kawaida ilikuwa dola 2,400 kwa tani, na hiyo ni bei ya bandarini, siyo ya shambani. Juu yake kuna fedha ya ziada, dola 240 kwa tani. Gawanya kwa kilo elfu moja: senti 24 za Marekani kwa kilo moja ya kakao kavu.

Mkulima mwenye kilo 400 kwa msimu anawakilishwa na dola 96. Fedha hiyo haiendi mfukoni mwake moja kwa moja. Inaenda kwenye chama, na mkutano wa wanachama unaamua kama ni darasa, kisima, miche au mgawo wa fedha taslimu.

Sasa iangalie kutoka upande wa rafu ya dukani. Kilo moja ya mbegu za kakao, ikishapukuswa maganda, hutosha kutengeneza pande kama 11 za chokoleti nyeusi ya gramu 100, ile yenye asilimia 70 ya kakao. Kwa kila pande, mlaji wa Ulaya aliyejisikia vizuri kwa kununua nembo amechangia senti mbili hivi. Chokoleti ya maziwa hutumia kakao kidogo zaidi, na mchango haufiki hata senti moja.

> Kwa kila pande lenye nembo, mlaji amechangia senti mbili hivi za Marekani.

Sisemi hivyo kuibeza nembo. Senti hizo zimejenga madarasa na kulipia maghala, na bei ya chini ni blanketi siku soko linapolala. Lakini mkulima akiwa amethibitishwa halafu asipate mnunuzi wa Fairtrade, huuza kakao yake kama wengine wote, na gharama za ukaguzi anakuwa ameshazilipa. Hilo linatokea sana, katika nchi nyingi.

Ripoti ya Cocoa Barometer ya mwaka 2015, inayotolewa na mashirika ya kiraia, ilikadiria kwamba mkulima hupata asilimia 6.6 ya bei ya chokoleti inayouzwa dukani. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inakaribia asilimia 16. Wenye maduka na wenye viwanda ndio walioongezewa.

Njemke, butura, kangomba

Kabla mtu hajazungumza habari za Ulaya, aende kwanza Kyela kwenye barabara ya vumbi jioni.

Wenyeji wana neno lao: njemke. Ni kakao inayonunuliwa nje ya utaratibu, ingali mbichi au hata ingali mtini, na mnunuzi anayekuja na fedha mkononi siku mwenye shamba amebanwa. Mtoto amerudishwa shule, mgonjwa yuko hospitali ya wilaya, kuna msiba. Bei hupangwa na shida.

Kila eneo la nchi hii linaujua ugonjwa huu kwa jina lake. Kagera wanaita butura, kahawa inapouzwa na maua yake. Mtwara na Lindi wanaita kangomba, korosho inapopimwa kwa bakuli badala ya mizani. Na hapa Dodoma tuna lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, wakati sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima wa karanga wa Kongwa au wa vitunguu anauza gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia moja na nusu.

Nashangaa kwamba lugha yetu ina maneno mengi hivi ya kumnyonya mkulima, na yote yanaeleweka bila tafsiri.

Serikali ilijibu kwa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, ikaanza kwa nguvu kwenye korosho mwaka 2007, na kakao ikaingizwa katika muongo uliopita. Mkulima hupeleka kakao kavu kwenye chama chake cha msingi, inapimwa, anapewa stakabadhi, shehena za vyama zinakusanywa ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, na siku hizi Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, limeuleta mnada kwenye kompyuta.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Zamani mnunuzi mmoja aliweza kushika kijiji kizima na kutamka bei. Mnadani bei inasikika na kila mtu, na mkulima wa Kyela anaweza kujua ya Morogoro imeuzwaje. Mizani ni moja na inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Halmashauri hupata ushuru wake, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu mwaka 2017, na zahanati hujengwa kwa fedha hizo.

Wanaoulalamikia nao hawana hoja nyepesi. Stakabadhi hailipi ada ya shule Ijumaa. Kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa kuna siku za kusubiri, na katika siku hizo ndimo njemke hupata mlango. Halafu kuna makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya ushuru. Kila moja ni dogo na lina sababu yake, lakini mkulima huyaona yote kwa pamoja kwenye karatasi moja ambayo mara nyingi hajasomewa.

Na kuna kumbukumbu isiyofutika haraka. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na mali zake zikaenda kwa mamlaka za mazao. Vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini mzee aliyeshuhudia chama chake kikifungwa kwa amri ya siku moja hawezi kulaumiwa akiuliza mara mbili kabla ya kuacha gunia lake ghalani.

Kakao mbichi ya Mbingu

Upo ugomvi mwingine usiosikika sana, na kwa maoni yangu ndio wenye thamani zaidi.

Utamu wa chokoleti hauanzi kiwandani. Unaanza pale tunda linapopasuliwa na mbegu zenye ute mweupe kumiminwa kwenye sanduku la mbao, kufunikwa majani ya migomba na kuvundikwa siku tano hadi saba, zikigeuzwa ili joto lienee. Bila kuvundika, mbegu hubaki chungu na kali, na mtengenezaji haipati tena ile ladha hata akiwa na mashine ya namna gani. Baada ya hapo zinaanikwa kwa wiki nzima hivi.

Huko Mbingu, bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili ilianzishwa mwaka 2013 kwa wazo moja: inunue kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo siku ileile inapopasuliwa, ivundike na kuianika yenyewe kwa kiwango kimoja, na ilipe bei ya juu. Kakao hiyo huuzwa kwa watengenezaji wadogo wa chokoleti nje ya nchi. Kiwanda cha Dandelion cha San Francisco huandika mbele ya karatasi ya chokoleti yake maneno Kokoa Kamili, Tanzania.

Hebu tulisome tena hilo. Mlaji wa San Francisco anaweza kutaja chokoleti ya Tanzania kwa jina, kama sisi tunavyotaja mchele wa Kyela. Hapa Majengo hatuwezi.

> Mlaji wa San Francisco anaijua kakao yetu kwa jina. Sisi hatuijui.

Tatizo ni kwamba mnada ulibuniwa kwa kakao kavu inayokaa ghalani. Kakao mbichi haikai; ikilala siku mbili bila kuvundikwa vizuri imeharibika. Na shehena zinapochanganywa, aliyevundika siku sita kwa bidii na aliyeanika bila kuvundika kabisa wanapata bei moja. Kwa nini huyu wa kwanza ajisumbue msimu ujao?

Upande wa ushirika unajibu kwamba ukifungua mlango kwa mnunuzi mmoja mwema wa kakao mbichi, walanguzi kumi wa njemke wataupitia mlango huohuo. Ni hofu ya kweli, kwa sababu kwa macho gari la njemke na gari la mnunuzi mwaminifu yanafanana. Lakini dawa yake ni leseni, mizani iliyopigwa muhuri na bei iliyobandikwa hadharani, siyo kuwafungia wote. Mwenye uwezo wa kuandika kanuni ya namna hiyo yuko Dodoma.

Dodoma inaijua njaa ya soko

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hahitaji kufundishwa somo hili. Zabibu nayo haisubiri. Imeiva, inavunwa, na isipopata kiwanda ndani ya siku chache inaozea shambani. Katika miaka ya karibuni vilio vya zabibu zilizokosa mnunuzi vimefika hadi bungeni, huku wakulima wakinyooshea kidole mchuzi wa zabibu unaoagizwa kutoka nje, ambao viwanda hupata kwa urahisi zaidi kuliko matunda ya jirani.

Serikali ilifanya jambo lenye maana kwenye kodi. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 uliwekewa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita, wakati mvinyo usiofikia kiwango hicho ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Haikumaliza matatizo ya zabibu, lakini ilithibitisha kwamba mstari mmoja wa Sheria ya Fedha, uliopitishwa hapa hapa, unaweza kumfanya mwenye kiwanda apige hodi kwa mkulima wa Chamwino.

Kakao haijawahi kupewa mstari kama huo. Angeupata mtengenezaji mdogo wa chokoleti wa Dar es Salaam, Mbeya au hata Dodoma anayetumia kakao ya nyumbani, hesabu zake zingebadilika.

Tena tuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya nchi yao. Hawakuwauliza Wagogo mvua inanyesha lini wala udongo ule unakuwaje jua likishika. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, pauni milioni 36 zikiwa zimezama. Waliopanga walikuwa mbali sana na shamba.

Ndiyo maana sipendi kampeni yoyote ya haki, hata yenye nia njema, inayopangwa mahali ambapo mkulima hayupo mezani.

Bei ilipanda, ikashuka

Mwaka 2024 ulikuwa wa maajabu. Mvua mbaya, magonjwa ya mikakao na miti iliyozeeka huko Ghana na Ivory Coast vilipunguza mavuno, na mwezi Desemba bei ya New York ilipita dola 12,000 kwa tani. Ilikuwa mara kadhaa ya ile ya miaka iliyotangulia. Huku kwetu nako minada ilichangamka, watu wakapaua nyumba kwa bati jipya, na wezi wa kakao wakaanza kuingia mashambani usiku.

Hadi kufikia mwisho wa 2025 bei ilikuwa imeporomoka chini ya nusu ya kilele kile. Bei ya chini ya Fairtrade, ambayo wakati wa neema ilionekana kichekesho, itakuwa tena na maana soko likizidi kushuka. Ghana na Ivory Coast, zilizojaribu tangu msimu wa 2020/21 kuwadai wanunuzi dola 400 za ziada kwa kila tani ili mkulima apate kipato cha kuishi, ziligundua kwamba wanunuzi wana njia nyingi za kuzunguka ukuta.

Juu ya hayo kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayozuia mazao yanayotoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele mara mbili, lakini haujafutwa. Utakapoanza, kila gunia la kakao litatakiwa kuonyesha shamba lake lilipo kwenye ramani. Mkulima wa Kyela, ambaye kakao yake imekaa chini ya migomba na miti ya matunda kwa miongo, hana dhambi ya misitu ya kujibu. Atafungiwa soko kwa kukosa mtu wa kumchorea ramani tu, na gharama ya kuchora ramani hiyo ni ndogo kuliko ya kulipoteza soko.

Kinachowezekana

Husemwa kwamba chokoleti haiwezi kutengenezwa kwetu kwa sababu Ulaya inatoza ushuru mkubwa bidhaa zilizosindikwa. Kwa Tanzania hoja hiyo haisimami. Kama nchi iliyo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, tumekuwa na fursa ya kuingiza Ulaya karibu bidhaa zote bila ushuru tangu mwaka 2001. Kinachotukwamisha kiko nyumbani: sukari inayopanda bei kila msimu wa mvua, maziwa ya unga yanayoagizwa, umeme, ubaridi wa kuhifadhia, vifungashio na mtaji.

Huko Mutwanga, mashariki mwa Kongo, eneo la Beni ambako watu wameishi na vita kwa miaka, kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga na kakao ya wakulima wa jirani. Kama pale imewezekana, sioni sababu ya sisi kusema haiwezekani.

Na KCU walikwisha tuonyesha njia miaka mingi iliyopita, walipotumia fedha ya ziada ya kahawa kununua hisa za kiwanda. Visima na madarasa ni kazi ya Serikali na kodi tunazolipa. Fedha ya ziada ya kakao ingeenda kwanza kwenye masanduku ya kuvundikia, vichanja vya kuanikia, na hisa.

Wakulima wenyewe, wanapopewa nafasi ya kusema, wanaomba mambo ambayo hayahitaji fedha za wafadhili. Walipwe ndani ya siku zinazojulikana baada ya mnada, na anayechelewesha atozwe. Bei ya kila mnada itumwe kwa ujumbe wa simu siku hiyohiyo, makato yakiwa yameorodheshwa moja moja. Chama kiwe na mfuko wa mkopo mdogo kwa mwenye stakabadhi, ili Ijumaa ya ada isimpeleke kwa mtu wa njemke. Kakao iliyovundikwa vizuri ipimwe na kulipwa peke yake. Na mnunuzi wa kakao mbichi aliye mwaminifu apewe leseni na kusimamiwa.

Bunge la Bajeti huketi hapa mjini kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Hoja ya kakao ikiachwa kwa mbunge wa Kyela peke yake, itasomwa, itapigiwa makofi na kufungiwa kabatini. Wabunge wa Chamwino, Kongwa na Bahi wanajua lumbesa ni nini na wanajua zabibu iliyooza inanuka vipi. Waombwe kusimama naye.

Nawe, msomaji uliye Majengo, Area C au Nkuhungu, uliyezoea kusimama mlangoni pa duka ukauliza Kyela bei gani: ingia hatua sita ndani, ushike chokoleti, umuulize muuzaji kakao yake imetoka wapi. Akikosa jibu, mwambie unaitaka ya Kyela.